Katoni Isiwe na Tundu

Ofisi yetu ya vifurushi ya Kindu ina heshima kutangaza kwamba wanyama wadogo wa nyumbani sasa wanasafiri hadi Punia kama mzigo wowote. Sharti ni moja tu: katoni isiwe na tundu. Wakati wa vita, katoni yenye tundu ilikuwa imekwisha kuchokolewa na kuibiwa na askari. Vita vilikwisha; kanuni haikupewa habari. Tayari simbilisi wawili wamefika Punia bila mkwaruzo hata mmoja kwenye katoni. Kwamba walikuwa wamekufa ni suala la afya, si la usafirishaji.

Jumatatu alikuja Mama Kyakimwa, muuza vitenge wa Alunguli, na sungura wa binti yake Ange. Mtoto amehamia kwa shangazi yake Punia, na tangu afike chakula hakimpandi. Anamwulizia sungura tu. Mama alikuwa ametoboa katoni pande zote. Karani wetu Okito akamweleza kwa upole kwamba huo ni wizi.

"Sasa atapumua na nini?"

"Na utaratibu, mama."

Mama alipandisha sauti mpaka wenye pikipiki wakaingia kusikiliza. Mkurugenzi wetu, Bwana Djamali, ambaye ni mtu wa vitendo, akaagiza katoni ya friji, akaingia mwenyewe kumwonyesha kwamba humo mtu anapumua, akaamuru ifungwe kwa utepe wa skochi na kupigwa muhuri. Okito akauliza mpokeaji ni nani. Mkurugenzi akamwambia aandike jina lake yeye.

Haukupita muda, katoni ikaanza kugonga.

"Okito, fungua."

Okito anaijua kazi. Kifurushi hufunguliwa na mpokeaji pekee, akifika dirishani na kadi yake ya mpiga kura. Akamwita Bwana Djamali mara tatu. Dirishani hakutokea mtu.

"Niko humu, mujinga we."

"Humu iko muzigo, Mukubwa. Mpokeaji hajafika."

"Basi toboa. Natoa ruhusa."

Mama Kyakimwa tayari alikuwa ameshika mkasi wake wa vitenge.

"Ruhusa ya nani, papa? Yako peke yako, ao na ya sungura?"

"Na ya sungura," katoni ikajibu.

Sungura aliondoka saa ile ile. Alipofika, Ange alikula sahani mbili. Bwana Djamali naye tumemtoboa matundu manne, kulingana na cheo chake. Tunamsihi afike dirishani na kadi kabla ya Ijumaa, siku ya kuuza mizigo isiyochukuliwa. Mama Kyakimwa amekwisha kuulizia bei. Anataka katoni tu.