Bernadette na Gunia la Mkaa

Jumamosi, 5 Oktoba
Mnada wa chama cha wafuga samaki, ukumbi wa kanisa, Sheboygan. Nilifika wa kwanza. Nimeondoka na samaki-malaika dume, mweusi tii, mapezi kama pazia. Ni mchango wa Elroy Krueger. Elroy anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na amebeba kikombe cha maonyesho ya vuli miaka sita mfululizo. Sasa samaki wake atanisaidia kumnyang'anya. Hajui alichokifanya.

Mpango ni huu. Bernadette wangu ni samaki-malaika wa rangi ya fedha, mpana kama kiganja, umri miaka minne. Anakula minyoo mkononi mwangu. Kasoro yake ni moja: akiwa peke yake analegea. Akipata mwenzake anasimamisha mapezi yote, na waamuzi hawana ujanja mbele ya mapezi yaliyosimama. Maonyesho ni Jumapili ya tarehe 20. Muda unatosha.

Mfuko wa dume ulibandikwa karatasi yenye mwandiko wa Elroy. Maneno mengi. Nimempa mke wangu, Arlene, aitupe. Dume ameingia kwenye tangi la Bernadette, chumba cha chini ya nyumba, saa nane na robo mchana. Arlene ameuliza kama mgeni hapaswi kukaa kwanza peke yake kwenye ndoo ya karantini, kama chama kinavyoagiza. Nimemjibu kwamba karantini ni ya watu wasiojua kumtazama samaki. Huyu nimemtazama dakika nzima. Mzima.

Isitoshe, ndoo ina kazi. Nimeipindua na ndiyo ninayoikalia nikiandika. Kimo chake kinalingana na tangi kabisa.

Jumatatu, 7 Oktoba
Dume amekufa. Nimemkuta saa moja asubuhi, amelala ubavu kwenye changarawe. Bernadette ana kitu cheupe mdomoni, kama pamba. Nimempa mnyoo, ameutazama tu.

Elroy! Alipeleka mgonjwa mnadani akijua nitamchukua mimi. Arlene amesema Elroy asingeweza kujua, kwa kuwa watu wanne walimtaka yule dume. Hajui fitina inavyofanya kazi.

Uchunguzi wangu: pamba ni ukungu. Nimetia chumvi vijiko vitatu na kupandisha joto la maji hadi nyuzi 86 za Farenhaiti. Nimeridhika.

Jumanne, 8 Oktoba
Sijaridhika. Pamba imeongezeka, na mgongoni limetokea doa jeupe lenye umbo la tandiko la farasi. Nimekwenda dukani. Muuza samaki amesema huo si ukungu, ni bakteria, na kwamba dawa ya bakteria siku hizi haitoki bila cheti cha daktari wa mifugo.

Daktari aliyekubali kuniona leo ni mmoja tu, Dk. Hedda Lindner, kule Plymouth. Daktari wa ng'ombe. Nimempeleka Bernadette ndani ya kasha la kupozea bia. Msaidizi aliuliza uzito wa mgonjwa, nikasema wakia moja, akaniomba nirudie. Mgonjwa aliyetutangulia alikuwa na ratili elfu moja na mia tano.

Dk. Lindner hakucheka. Alikwangua kidogo kwenye lile doa, akatazama kwa hadubini, kisha akaniruhusu nami nitazame. Vijidudu vyembamba kama vijiti, vimejikusanya kama marundo ya nyasi kavu shambani. Alisema bakteria hawa hupenda joto, kwa hiyo tangu jana nimekuwa nikiwahudumia. Akaandika maagizo: unga wa dawa kila siku ya pili, siku kumi, nusu ya maji ibadilishwe kabla ya kila dozi, joto lishuke hadi 75, hewa iongezwe, mkaa utolewe.

Nimetimiza yote kabla ya chakula cha jioni. Mkaa ndio ulionitoa jasho. Gunia la ratili ishirini, la kuchomea soseji, lilikuwa kando ya tangi tangu kiangazi kiishe. Nimelibeba ngazi kumi na mbili hadi gereji. Mgongo unauma. Daktari makini sana. Amefikiria hata vumbi.

Jumatano, 9 Oktoba
Boksi la dawa linasema maji yatakuwa ya manjano kama chai nyepesi. Yangu yalikuwa meupe kama ya bomba kabla ya mchana. Nimetafakari na kupata maelezo: Bernadette ameinywa yote. Dalili nzuri.

Ili kumsaidia zaidi nimeosha chujio na kulitia pakiti mpya. Mgonjwa anastahili maji safi.

Alhamisi, 10 Oktoba
Dozi ya pili. Imenyweka tena, haraka kuliko ya kwanza. Bernadette amejibanza nyuma ya hita, mkia umeanza kuliwa pembeni. Sipendi ule mkia. Nimekaa kwenye ndoo saa nzima, mkono majini, mnyoo kidoleni. Hakuja.

Ijumaa, 11 Oktoba
Samaki wa kukaanga ukumbi wa parokia, kama kila Ijumaa. Elroy alikaa mbele yetu. Nilikuwa na mkakati: nisiseme neno, aamini Bernadette yuko imara, apoteze usingizi. Mkakati ulidumu mpaka bakuli la kachumbari ya kabeji lilipotoka kwa Arlene kwenda kwa Elroy. Kwa muda huo Arlene alikuwa amemweleza kila kitu, pamoja na kasha la bia.

Elroy aliweka uma chini na kusema twende tukamwone. Alimwacha samaki wake nusu. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Alipiga goti mbele ya tangi na kutazama kwa muda.

“Norb, dawa umetia lini?”

Nikamwambia jana, tena dozi ya pili.

“Mbona maji meupe hivi?”

Nikamweleza jinsi Bernadette anavyokunywa.

“Mkaa ulitoa?”

“Jumanne ile ile. Uko gereji.”

Elroy alinigeukia taratibu. Arlene, aliyekuwa anashuka, alikaa kwenye ngazi.

“Gereji,” alisema Elroy. “Ndugu yangu, hebu nipeleke nikauone huo mkaa.”

Tulikwenda, tukasimama mbele ya gunia. Elroy alisoma maandishi yake yote, pamoja na ushauri wa kuchoma mbavu. Kisha alirudi chini, akafungua chujio, akatoa pakiti yangu mpya na kuichana kwa kisu cha mfukoni. Ndani mlikuwa na punje nyeusi. Mkaa. Akaeleza kwamba huu ndio unaokunywa dawa, ndiyo kazi yake, na kwamba kwa siku nne nimekuwa nikilitibu chujio.

“Na kwa kweli halina ugonjwa wowote,” alisema. “Hongera.”

Nikaona huu ndio wakati wa kuuliza kuhusu dume lake la sumu. Arlene alipanda jikoni, akarudi na ile karatasi ya mnadani. Hakuwa ameitupa. Ilikuwa kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la jibini. Ilisomeka: Weka karantini wiki nne kwanza.

“Ulisema maneno mengi,” alisema Arlene. “Nimeyahesabu. Ni matano.”

Elroy alikunja kisu chake. Alisema tu kwamba kila samaki anayesafirishwa kwenye mfuko huchoka, na aliyechoka hushikwa na chochote, ndiyo maana ya ndoo. Akauliza ndoo yangu iko wapi. Nilikuwa nimeikalia. Sikusimama.

Tulibadilisha nusu ya maji, tukatia dozi upya, bila mkaa.

Jumamosi, 12 Oktoba
Maji ya manjano kama chai! Elroy amekuja na pampu yake ya hewa, akaifunga mwenyewe. Nimemuuliza anapata nini akimponya mpinzani wake. Amesema ameshinda miaka sita, miwili kati ya hiyo bila mpinzani wa maana, na inachosha. Kisha akala soseji mbili. Mkaa wa gereji umefaa.

Jumatano, 16 Oktoba
Pamba ya mdomoni imetoka. Doa la mgongoni limefifia. Saa kumi na dakika ishirini jioni, Bernadette ametoka nyuma ya hita, akaja juu, akachukua mnyoo kidoleni. Mmoja tu.

Nimebaki na mkono majini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Arlene ameleta kahawa, akaniwekea ukingoni.

Jumapili, 20 Oktoba
Maonyesho. Bernadette amebaki nyumbani. Mkia una pengo, na dozi ya mwisho bado. Nilifikiria kumwambia mwamuzi kwamba hilo pengo ni la ukoo wake. Arlene alificha funguo za gari mpaka nikaliacha wazo hilo.

Nimempeleka badala yake kambare wangu anayelamba vioo, na kwanza nimepiga simu kumuuliza Dk. Lindner kama kambare naye ana ugonjwa. Kambare anakaa tangi lingine, la jikoni, lisiloguswa na maji ya Bernadette, kwa hiyo daktari akanihakikishia yuko salama. Kambare ameshika nafasi ya tatu. Washindani walikuwa watatu, lakini utepe hauandiki hilo. Elroy amechukua kikombe cha saba. Aliposhuka jukwaani alinipita na kuninong'oneza kwamba Bernadette akipona vizuri, mwakani yeye atakuwa na kazi. Nimelifurahia hilo kuliko utepe.

Kisha bahati nasibu. Nimeshinda! Samaki-malaika jike, rangi ya dhahabu, kutoka kwa mfugaji wa Manitowoc. Mfuko una karatasi. Elroy amenitaka niisome kwa sauti mbele ya meza nzima. Nimesoma, maneno yote matano. Wamepiga makofi. Nimeahidi.

Jumatatu, 21 Oktoba
Siku njema kuliko zote za mwezi huu. Dozi ya mwisho imekwisha, mkaa umerudi kwenye chujio, maji meupe. Bernadette amekula minyoo minne. Gunia la mkaa wa soseji nalo nimelirudisha kando ya tangi, mahali pake.

Kuhusu yule jike wa dhahabu, nimejifunza. Safari hii sikumtazama dakika moja, nimemtazama mbili. Mzima kabisa, na hakutoka kwa Elroy. Bernadette alipomwona tu mfukoni, alisimamisha mapezi yote.

Ameingia tangini saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nilikusudia ndoo, kwa kweli, lakini ingenilazimu kusimama.