Vita vya Maalim Msabah na Ulimi Wake

Sogeeni, enyi mliolelewa kwa kengele na adabu, na asiyejua kunyamaza aje mbele kabisa, kwani kisa hiki ni chake!

Jumatatu, mwezi kumi na tano Mfunguo Mosi, mwaka 1329 wa Hijra, saa tatu na robo asubuhi, rasharasha ikiwa imekatika punde na mapaa ya Unguja yakitoa mvuke, Maalim Msabah bin Pandu, Simba wa Hesabu, Mvunja Chaki, alisimama mlangoni mwa darasa la juu akitetemeka kama mwari.

Miaka kumi na saba alipigana kwa silaha moja: kuuliza swali, kulitamka jibu mwenyewe, na kuwaachia wanafunzi mkia wake. "Tisa mara tano ni arobaini na ta...?" Na jeshi la vijana ishirini hunguruma: "...no!" Ngurumo hiyo ilimburudisha moyo, bali ulipokuja mtihani, pasipo na Msabah wa kulianza neno, wote ishirini walipukutika kama maembe ya upepo.

Maalim Mkuu, Sheikh Darwesh bin Turki, alikaa siku tatu benchi la nyuma akisikiliza, kisha akamwita.

"Msabah ndugu yangu, samaki wamla wewe, watoto wawapa mkia. Leo uliza, kisha nyamaza mpaka mmoja wao aseme jibu zima. Ukishindwa, wallahi, kesho wenda kusomesha alifu na be kwa wadogo."

"Kunyamaza, mie? Bi Tamima kaniombea dua hiyo tangu harusi yetu, na mpaka leo haijajibiwa!"

"Basi shika kokwa hii ya tende. Ukishauliza, itie mdomoni uibane."

Akaingia vitani, Sheikh akarudi benchi lake la nyuma. "Shamba la Mangapwani lina minazi mia tatu. Katika kila mia, kumi na mitano imekauka. Iliyo hai mingapi?" Akaitia kokwa.

Kimya kikatanda kama juu ya ngome iliyozingirwa. Vinywa ishirini vikangoja mkia usio na kichwa.

"Anza basi, Maalim!" mmoja akanong'ona.

Jibu likapanda kooni mwa shujaa kwa ngazi, likabisha menoni. Akaing'ata kokwa, jasho likailowesha kanzu. Pumzi ishirini. Thelathini. Ya arobaini, akainuka Jaku, ambaye kwa miaka miwili hakusema peke yake hata "naam".

"Mia mbili hamsini na mitano, Maalim. Kila mia imebakiza themanini na mitano, na mia ziko tatu."

Kokwa ikaruka ikagonga dirisha. Na iandikwe, wajukuu waisome: siku ile Msabah alinyamaza, na elimu ikapita katika kimya chake kama jeshi lipitalo lango lililovunjwa!

"Nimekutilia shaka, nawe umeniumbua," akasema Sheikh. "Nna deni kwako. Litaje."

"Siku tatu umekaa nyuma yangu. Nami nataka siku moja nyuma yako."

Sheikh akakunja uso. Hapana mtu aliyepata kumkalia nyuma. "Kesho, saa mbili."

Saa mbili akasomesha jiografia, Msabah yuko benchini na kalamu. Saa tatu akakabidhiwa karatasi ya mstari mmoja. Sheikh akasimama wima, akaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima:

"Maswali tisa umeuliza, Sheikh, manane umeyajibu mwenyewe."

Akatia saini yake chini. Deni likalipwa.