Ombi la Kumnyang'anya Mwanangu Bakalorea

Gilbert Fontanille
Shule ya Udereva Fontanille
Mtaa wa Kanisani, Montaurel

Kwa Mkuu wa Elimu wa Mkoa

Mheshimiwa,

Pokea heshima zangu zote, pamoja na nyingine chache za akiba, kwani nimeisoma barua hii mara ya pili na naona kuna mahali huko katikati zinanipungukia.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa hapa Montaurel nimewafundisha mimi, na nusu iliyobaki ndiyo inayogonga ukuta wa posta. Ninakuandikia kwa ajili ya mwanangu Bastien, ambaye mwezi Julai ofisi yako ilimtunuku cheti cha bakalorea, tena cha daraja la "vizuri sana". Ninaomba umnyang'anye.

Sisemi kwamba alikipata kwa hila. Alikipata kihalali kabisa, na hapo ndipo uchungu unapoanzia. Cheti hicho kinamwambia kila anayekisoma kwamba mwenye nacho yuko tayari kwa chuo kikuu. Mwezi Septemba Bastien alikwenda Ferranges kusomea sheria. Likizo ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, akarudi nyumbani na mfuko wa nguo chafu, na hadi leo, Desemba, hajaondoka. Mitihani ya muhula ni Januari. Asipoifanya, mwaka wake umekwenda na maji. Ninapoandika haya yuko ghorofani, juu ya kichwa changu, amelala, na ni saa tano asubuhi. Nina sababu zangu, nazo nitazipanga kwa namba kama ofisi yako inavyopenda.

1. Kuhusu kuchungwa. Alipokuwa sekondari, Bastien hakuweza kuchelewa hata kidogo bila simu yangu kulia. Asubuhi moja ya theluji nilipata ujumbe wa shule kwamba mwanangu hajulikani alipo, nami nikajibu kwamba anajulikana, yuko mlangoni penu, anakung'uta viatu. Sasa amekosekana chuoni zaidi ya mwezi na hakuna aliyeniandikia hata kadi ya posta. Ng'ombe wa jirani yangu Marcelin wamevishwa hereni zenye namba. Akipotea mmoja, serikali nzima inamtafuta. Nauliza kwa unyenyekevu: kwa nini mwanangu hakuvishwa?

Niruhusu nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Gari langu lina pedali za ziada upande wangu. Siku ya kwanza mwanafunzi anashika usukani tu, na breki ni yangu mimi. Wiki baada ya wiki naondoa mguu kidogo kidogo, mpaka siku ya mtihani ninakaa nimekunja miguu kama abiria. Huo ndio ufundi wote, hakuna mwingine. Ninyi mlimkanyagia Bastien breki tangu chekechea hadi Juni, kisha mkaruka nje ya gari likiwa barabara kuu, mkampungia mkono.

2. Kuhusu falsafa. Mlimfungia ukumbini saa nne nzima na swali moja: "Je, kuwa huru ni kutomtegemea mtu yeyote?" Alipata kumi na nane kati ya ishirini. Mwezi Septemba mwanafalsafa huyo alinipigia simu kutoka chumba chake cha Ferranges kuuliza kama mchele unatangulia au maji yanatangulia.

Tena ule mpango wenu wa sehemu tatu, yaani ndiyo, hapana, na inategemea, umeniharibia nyumba. Wiki iliyopita mke wangu Mireille alimwambia atoe taka. Namnukuu neno kwa neno:

"Kwanza, Mama, taka lazima zitoke, hilo halina ubishi. Pili, lakini, tujiulize: taka ni nini hasa? Kitu kinakuwa taka kwa sababu sisi tumekiita taka. Tatu, nadhani tunaweza kuyavuka mawazo haya mawili tukisema kwamba zitatoka kesho."

"Zitatoka sasa hivi," Mireille akasema, "na wewe utazifuata."

Zilitoka kesho yake, na nilizitoa mimi.

3. Kuhusu barua za kuomba nafasi. Serikali inamtaka mtoto wa miaka kumi na saba achague masomo kumi na kwa kila moja aandike barua ya kueleza shauku yake. Bastien, kwa barua hizo, alikuwa na ndoto ya sheria tangu utotoni. Alikuwa pia na ndoto ya saikolojia tangu utotoni, na ya usimamizi wa mabonde ya mito tangu utotoni. Ninayemjua mimi, utotoni alikuwa na ndoto ya kuwa trekta. Barua hizo tuliziandika pamoja, maana yake mimi niliandika na yeye akatia jina. Nakiri kwamba ile ya mabonde ya mito ilinitoa machozi.

4. Kuhusu ule Mtihani Mkuu wa Kuzungumza. Mwezi mzima alisimama jikoni kwetu akihutubia bila karatasi, mikono ikienda huku na huku, mbele ya bibi yake Odile na mbwa. Tukaambiwa huko chuoni ndiko atakakozungumza. Mheshimiwa, huko hakuna anayezungumza isipokuwa profesa, naye akimaliza anachukua koti lake. Wiki ya kwanza Bastien alinyosha mkono katika ukumbi ule wa watu mia sita. Profesa alidhani anaona joto, akaagiza dirisha lifunguliwe. Tangu siku hiyo hakunyosha tena, na nadhani ndipo alipoanza kuvunjika moyo. Hili halinichekeshi kama nilivyotaka lichekeshe.

5. Kuhusu sherehe. Kama mngempa cheti kimyakimya, tungejua la kufanya. Lakini meya alimpa kamusi na glasi ya divai mbele ya watu, gazeti likatoa picha yake, na Bibi Odile akaikata na kuibandika juu ya jokofu. Bibi ana miaka themanini na nane. Kwa muuza mikate anasema, "Mjukuu wangu wakili." Ameshamtaka amshtaki Marcelin kwa ajili ya jogoo wake anayewika kabla ya wakati. Sasa kila Jumapili akija kula viazi vya jibini, Bastien anavaa shati safi na kuketi kama mgeni.

"Mbona uko hapa tena, wakili wangu?"

"Likizo, Bibi."

"Likizo ya nini?"

"Ya kujisomea."

"Enzi zetu likizo ilikuwa na mwisho," akasema, akamwongezea viazi. Nilimwona Bastien akiinamia sahani yake na masikio yamemwiva. Mtoto huyo si mvivu. Anaona haya, na haya hiyo imemlaza kitandani. Mimi babake sijui nimwamshe vipi, kwa sababu huko nyuma nilikuwa namwamsha mimi kila siku, na hata Ferranges nilikuwa namwamsha kwa simu.

6. Hili la mwisho ni zito, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Niliona masomo yanampita, nikaamua kumshikia nafasi. Tangu katikati ya Novemba, kila Jumanne na Alhamisi nafunga shule ya udereva, nashuka Ferranges, naingia ukumbini, naketi safu ya tatu. Nina kipara na masharubu ya mvi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mlangoni kijana mmoja alinishikia mlango akaniita "Profesa", nikamshukuru.

Mimi sina bakalorea, Mheshimiwa. Nilitoka shule nikaenda gereji. Lakini naandika yote yasemwayo, kwenye karatasi za shule yangu kwa kuwa ndizo nilizo nazo, kisha nikirudi naziweka kwenye ngazi, karibu na viatu vya Bastien, naye hajazigusa. Na naelewa! Sheria ya mikataba ni kama makutano ya barabara: tatizo lote ni nani alikuwa na haki ya kupita. Sasa tuko kwenye kisa cha mtu aliyeuziwa farasi kipofu, na kusema kweli sijapata kukisubiri kitu kama ninavyoisubiri Alhamisi.

Sasa nifuate kwa makini. Mwenye cheti yuko kitandani. Asiye na cheti yuko darasani, safu ya tatu, na kalamu mbili. Kwa hiyo ni wazi kwamba cheti hicho ndicho kinachomzuia mtu kusoma, na kadiri daraja linavyokuwa la juu ndivyo usingizi unavyokuwa mzito.

Kwa sababu hizo naomba: kwanza, bakalorea ya Bastien Fontanille ifutwe na arudishwe kidato cha mwisho hapa Montaurel, ambako akichelewa tutajulishwa. Pili, kama kufuta hakuwezekani, basi wenye bakalorea wote wabandikwe mgongoni ile herufi A nyekundu tunayoibandika kwenye magari ya madereva wapya, ili maprofesa wajue kuna mtu hapo anayejifunza, na wasikimbilie kufungua madirisha.

Mireille anakusalimu, ingawa anasema barua hii ni ya aibu. Bibi Odile anakusalimu na anauliza kama ofisini kwako kuna mtu anayeelewa mambo ya majogoo. Wasalimie makarani, walinzi, na yule bibi wa simu aliyenisikilizisha muziki mchana kutwa. Nawe, Mheshimiwa, pokea hisia zangu zilizotukuka, kama desturi inavyotulazimisha kuwaandikia hata wale tuliowakasirikia.

Gilbert Fontanille

Tanbihi. Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha Jumamosi, sikuwahi posta. Jioni simu ya nyumbani ililia, Bastien akaipokea. Alikuwa msichana mmoja aitwaye Clémence, wa darasa lake. Alimwomba Mzee wa Safu ya Tatu. Kumbe nilikuwa nawaazima vijana karatasi zangu wanakili, na juu ya kila karatasi kuna jina la shule ya udereva na namba zetu zote za simu. Bastien alikuja jikoni ameushika mkono wa simu kama kitu kilichookotwa.

"Baba, kuna mtu anasema ukurasa wa farasi haupo."

"Mwambie ninao mimi."

Alimwambia. Akakata simu, akaketi mbele yangu.

"Umekuwa ukienda chuo badala yangu?"

"Si badala yako, mwanangu. Nakushikia nafasi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Nilijiandaa kusikia sehemu tatu. Alinipa moja tu.

"Baba, toa mguu."

Mireille aliacha kuosha vyombo. Bastien akaendelea, polepole, bila kupunga mikono: "Kule asubuhi ya kwanza ambayo hukunipigia simu, sikuamka. Sikujua kama naamka kwa ajili yangu au kwa ajili yako. Nikalala hadi jioni, kesho yake nikaogopa kwenda, na siku ya tatu nikaogopa zaidi. Nikirudi, usinipigie. Na usije. Hata nikianguka, usije."

Nilitaka kusema kwamba si mimi, ni ofisi ya Mheshimiwa. Bahasha ilikuwa palepale mezani, na jina lako juu yake. Nikaigeuza, jina likalala chini.

Jumatatu asubuhi alipanda treni. Alijiamsha mwenyewe, nilimsikia, nami nilikuwa macho. Clémence amemwekea kiti. Mireille alimfungia mchele akambandikia kikaratasi: maji kwanza. Nilisimama stesheni na treni ilipoanza kwenda, mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote. Treni ilikwenda tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mwachie cheti chake. Yote niliyoandika hapo juu nayafuta, isipokuwa ile hoja ya hereni za ng'ombe, ambayo bado naiona nzuri.

Nina swali dogo lililobaki. Nasikia mtu yeyote, wa umri wowote, anaweza kujiandikisha kufanya bakalorea bila kuwa mwanafunzi wa shule. Tafadhali niletee fomu hapa ofisini kwangu. Naomba pia kujua kama ni kweli kwamba katika zile saa nne za falsafa mtu anaruhusiwa kula mkate, na kama wa jibini unakubalika licha ya harufu. Yule wa farasi sijui hadi leo kama alirudishiwa fedha. Bastien amekataa kuniambia, anasema nikajisomee.

Nikifaulu, naomba nipangiwe chuo chochote kile, hata cha mbali, ila si Ferranges. Nimemwahidi.

G. F.