Mlezi Anahitajika Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 7 Julai

Nyumbani Kigoma leo ni Sabasaba, hakuna shule. Hapa Kampala ni Jumatatu tu.

Nimekaa dawati la mbele kabisa na ubao bado ni ukungu. Kwa hiyo nanakili kwa Marlène, jirani yangu darasani na bwenini, msichana wa Bukavu mwenye shangazi wanne mjini. Wiki iliyopita nilinakili kila neno la kazi yake, pamoja na jina lake juu ya ukurasa. Mwalimu amesahihisha kazi mbili za Marlène. Marlène wa pili, yaani mimi, amepata alama zaidi. Sasa hanisemeshi, na daftari lake analifunika kwa mkono.

Nesi Adong wa shule amesema daktari wa macho atakuja Ijumaa kwenye zahanati hapa Kyebando. Anakuja mara moja kwa muhula. Mtihani wa majaribio ni mwezi ujao! Bima ya wanafunzi wa kigeni inalipa miwani, ila mwenye umri chini ya miaka kumi na minane lazima ajaze fomu. Nimeijaza yote vizuri, kwa mwandiko wa shule. Umebaki mstari wa kumi na nne: Mlezi anayeishi Uganda.

Mlezi wangu alikuwa Baba Mdogo Sadiq. Tangu Aprili yuko Juba kwa kazi. Mama hajui. Akijua kwamba nimebaki peke yangu ataniita nyumbani, na shule itakuwa imekwisha.

Mpango: kupata mlezi kabla ya Ijumaa, bila mtu kugundua kwamba sina.

Jumanne, 8 Julai

Nimeomba ruhusa, nimekwenda ofisi ya bima, Nakawa. Niliwahi kusikia wasichana bwenini wakisema kwamba Kampala msichana akipiga magoti kusalimia, hakuna anayemnyima kitu. Nimeona wanavyofanya. Ni heshima nzuri sana.

Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti mbele ya dirisha. Dirisha liko juu. Karani akatazama, hakuona mtu, akaita anayefuata. Nikabaki chini nikisalimia ukuta. Wakahudumiwa watu watatu juu ya kichwa changu. Mzee mmoja alidhani nimeangusha kitu, akainama tukatafuta pamoja. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Niliposimama, karani alishtuka kidogo. Akasema mlezi atafaa mtu yeyote mzima mwenye kitambulisho, mradi mwenyekiti wa LC, wa serikali ya mtaa ninapoishi, agonge muhuri kwamba ananitambua na anamtambua mlezi.

Mtu yeyote mzima! Jiji zima limejaa watu wazima. Nimerudi nimechangamka. Nilitaka kumsimulia mtu habari ya dirisha. Marlène alikuwa kwa shangazi wa pili.

Jumatano, 9 Julai

Mwenyekiti ni Mzee Odyek, askari mstaafu. Kiswahili chake ni cha kambini na sauti yake pia. Nilipanga kumwambia kwamba mlezi wangu yupo, ila ana haya. Hakunipa nafasi. Aliniuliza nimekaa Kyebando muda gani. Nikasema mihula minne. Akaniuliza ni jirani gani wawili watakuja kunisemea.

Nikafikiri. Mlinzi wa geti ananiita namba kumi na saba, namba ya kitanda changu. Muuza chapati huwa namwonyesha kwa vidole ninazotaka ngapi. Nimelelewa kutosumbua watu, na sijasumbua hata mmoja.

Mzee Odyek akarudisha muhuri kwenye mtoto wa meza, polepole.

“Mtoto, mimi nagonga kwa mutu inajulikana. Hapa Kyebando nani najua wewe?”

Nikamshukuru, nikaondoka na fomu yangu.

Mpango mpya: kujulikana. Nina siku moja.

Alhamisi, 10 Julai

Baada ya masomo nimetembea mtaa mzima nikimsalimia kila mtu. Fundi viatu alidhani nadai viatu. Mama wa ndizi alinipigia magoti yeye pia, tukashindwa kuinuka, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Mbele ya duka la nguo nikaona mwanamke mrefu, mtulivu, kavaa gomesi ya zambarau, lile gauni refu la Kiganda. Nikapiga magoti. Shikamoo. Kimya. Nikarudia kwa sauti. Nikamuuliza hali ya watoto.

Mwenye duka akatoka, akaegemea mlango. “Huyo hajibu, mwanangu. Mwaka wa sita amesimama hapo, hajamjibu mtu.”

Nilikuwa namwamkia sanamu la kuonyeshea nguo.

Mwenye duka ni Mama Salme. Babu wa babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilisikia raha. Akanipa kahawa na kashata, akaniuliza nina shida gani. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikasema nafanya utafiti wa shule kuhusu salamu. Akauliza kama utafiti huo unahusu masanamu pia. Nikasema hasa masanamu.

Nikakimbia. Mtaa mzima ulikuwa unacheka. Hakuna mlezi. Kesho Ijumaa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Odyek asubuhi, kumuaga tu na kumwambia nimeshindwa. Alinitazama, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akauliza kama ni mimi yule wa sanamu. Nikakiri.

“Sasa Kyebando yote najua wewe,” akasema, akatoa muhuri.

Nikalia. Nikamwambia mstari wa kumi na nne mtupu, Juba, Mama, kila kitu. Akapiga simu. Mama Salme akaja na kitambulisho chake mkobani, akanyoosha mkono apewe kalamu. Alipofika penye Uhusiano akasimama.

“Niandike nini hapa?”

Akaandika “shangazi”, akapiga mstari chini yake, na Mzee Odyek akagonga muhuri.

Zahanati wakaikataa fomu kwa sababu wino ni wa buluu. Mama Salme akajaza fomu nyingine yote kwa wino mweusi, akiteta, na neno shangazi akaliandika kubwa zaidi, tukarudi kugongewa muhuri tena. Daktari akanionyesha herufi ukutani. Niliiona moja. Miwani itakuwa tayari baada ya wiki mbili.

Njiani Mama Salme akaniuliza kwa nini sikusema jana. Akasema mwenye shida huisema, basi. Nimeelewa kabisa. Akasema pia Jumapili nije kwake nile na jamaa zake.

Jumapili, 13 Julai

Mama Salme hakusema sababu ya kunialika. Nimewaza jana kutwa. Mtu hawezi kwenda kula kwa watu hivi hivi, eti anapenda kwenda. Na Jumapili ijayo je?

Kwa hiyo nimeandaa karatasi. Nimepiga mistari kwa rula, wino mweusi. FOMU YA MLEZI: UKAGUZI WA MWANAFUNZI WA KIGENI, KILA JUMAPILI, SAA SITA HADI SAA KUMI. Bila kuhudhuria, miwani itachukuliwa.

Iko safi sana. Kabla ya chakula napitia kwa Mzee Odyek anigongee muhuri. Nitamwambia imetoka ofisi ya bima, Nakawa.