Sanduku la Kapteni Gordon

Gordon Okinyi hakuwahi kupanda meli maishani, lakini alijua mtu anayekwenda kufanya kazi melini hubeba chupi ngapi. Ni kumi na nne. Alilisoma hilo kwenye simu asubuhi moja katika soko la Kibuye, akiwa ameketi mbele ya banda la Waswa muuza mitumba, akingoja mtu wa kumnunulia chai. Alipoinua macho aliona masanduku ishirini meusi, yote sawasawa, ambayo Waswa alishindwa kuyauza tangu Krismasi. Kando yake palikuwa na rundo la mashati meupe na makoti. Mwingine angeona mitumba tu. Gordon aliona meli nzima, na bomba lake linatoa moshi.

Wiki hiyohiyo akaichukua mali hiyo kwa mkopo, akakodi chumba katika mtaa wa Manyatta, akavaa kofia nyeupe, akatangaza kwamba meli ya watalii kutoka Italia inatafuta wapishi, weita na wafagiaji. Na tumpe haki yake: hakuuza kazi.

"Kazi ni bure," aliwaambia. "Mtu akikuitisha pesa ya kazi, huyo ni mwizi, toroka. Mimi nauza sanduku peke yake, imepangwa vile Waitaliano wanataka."

Watu wakashusha pumzi. Hatimaye wamepata mtu mwaminifu. Sanduku lilikuwa elfu ishirini, noti mkononi. M-Pesa hakutaka hata kuisikia, kwa kuwa ile hutaja jina la mtu lililo kwenye kitambulisho. Alisema Waitaliano hawaielewi.

Kisha akawafundisha, akitembea huku na huku.

"Jinzi, hapana. Shati nyeupe tatu. Viatu nyeusi ya soli ya mpira, jikoni ya meli inateleza. Na koti moja, ile siku mtakula na kapteni mkubwa. Hizi koti zimetoka Italia zikiwa zimefungwa."

"Na chupi?" akauliza Tom, muuza chapati.

"Kumi na nne. Huko mnafua mara moja kwa wiki mbili."

"Na omena naweza beba?"

"Omena imekatazwa kimataifa."

Tom alihuzunika kweli kwa ajili ya dagaa zake.

"Ingine," Gordon akasema. "Hakuna kufunga utepe ama kuandika jina kwa sanduku. Wakiona alama wanakurudisha nyumbani."

Sheria hii hakuisoma popote. Aliitunga papo hapo, akaipenda.

Miongoni mwa wanunuzi alikuwemo Dorca, fundi wa nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Winny. Ili apate zile elfu ishirini aliiweka cherehani yake rehani kwa jirani hadi mwisho wa mwezi. Cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mume afe, na ndiyo iliyomsomesha Winny hadi kidato cha nne. Ilipobebwa kutoka dirishani, Dorca aligeuka akatazama ukuta.

Alipofika nyumbani na sanduku alilijaribu lile koti. Kisha akaligeuza nje ndani, kama mafundi wanavyofanya hata kanisani wakipata nafasi. Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na kiraka cha buluu. Kilikatwa kutoka sketi ya shule ya Winny. Alikitia yeye mwenyewe mwezi wa nne, Waswa alipomletea koti lililochanika.

Dorca alilia kidogo. Halafu akakasirika, na hasira hiyo ilikuwa na akili kuliko kilio. Akipiga kelele, Gordon atayeyuka na pesa za watu wote. Kesho yake akaenda kwake akitabasamu.

"Kapteni, tunaondoka lini?"

"Jumamosi saa nane mchana. Basi itatupeleka Mombasa."

"Basi asubuhi tuombewe. Na masanduku pia. Mtu hawezi vuka maji hivi hivi."

"Masanduku inaombewa?"

"Kwani kwenu mnasafirije?"

Gordon akakubali. Manyatta unaweza kukataa chakula, unaweza hata kumkataa mkwe, lakini mtu anayekataa maombi hutazamwa mara mbili.

Jumamosi, katika kanisa la mabati la Pasta Ooko, masanduku yalipangwa mbele ya mimbari.

"Yangu ikae tu hapa kwa miguu," Gordon alisema. Lilikuwa mojawapo ya yale ishirini, na ndani yake, kati ya taulo mbili, zilikuwa pesa zote.

"Wewe ndio kichwa ya safari," Dorca akamjibu. "Yako iwe mbele kabisa."

Pasta Ooko aliombea bahari, akaombea injini, akaombea samaki wakubwa wasiomjua Mungu. Gordon alifumbua jicho moja, likakutana na la pasta, akalifumba kwa haya. Pasta akahamia Italia, akaiombea mkoa kwa mkoa. Hapo Dorca akakohoa kutoka kule mbele kwenye masanduku, na pasta akasema amina.

Gordon alinyakua sanduku la mbele, akasema anakwenda kuliangalia basi, akapanda bodaboda hadi mji wa Awasi. Nauli ilimaliza noti za mfukoni. Hakujali. Aliingia hoteli ya Mama Agneta, akala samaki mzima na ugali wa watu wawili, kisha akafungua sanduku alipe.

Juu kabisa lilikuwa koti, limegeuzwa nje ndani, kiraka cha buluu kikimtazama. Chini yake mashati matatu meupe, viatu, soksi na chupi. Alizihesabu kwa kukosa la kufanya. Kumi na nne.

Wakati huo, kule Manyatta, kila mtu alikuwa ameshachukua elfu ishirini zake. Cherehani ilikuwa imerudi dirishani, na Dorca ameiegemea kwa mkono tu, hashoni kitu.

"Pesa?" akauliza Mama Agneta.

"Imebaki kwa sanduku ingine, Mama."

"Na simu?"

Simuni kulikuwa na deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaoingojea kila shilingi itakayoingia. Gordon akatikisa kichwa. Mama Agneta akaivuta ile mali karibu, akabonyeza soli ya kiatu kwa kidole, akakunjua shati moja, akalikunja tena.

"Huyu mtu alikupangia hii sanduku," akasema, "anajua kazi."

"Ni mimi," Gordon akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi vaa. Sufuria ziko huko nyuma."