Baiskeli ya Kusimama, Ng'ombe wa Kulala

Ninayowasimulia hapa kijiweni, Bariadi mjini, ni kweli tupu. Mkinikamata na uongo, kahawa ya wote juu yangu.

Luhende, mtu mzima mwenye ulimi wa samli, alipungukiwa ng'ombe mmoja wa mahari ya mwanawe. Baba wa binti, Bundala wa kijiji cha Sapiwi, alishasema: Jumamosi ng'ombe asipoonekana, hakuna ndoa. Ndipo Luhende akasikia kuwa Mama Nyanjige, tajiri wa mifugo, ameambiwa na daktari afanye mazoezi apunguze presha, naye anaona haya kukimbia barabarani. Luhende alikuwa na baiskeli ya mazoezi stoo, ile ya kukanyaga ukiwa palepale sebuleni. Mkanda wake wa ndani ulikatika zamani. Akaipaka mafuta, akaibeba.

"Mwangaluka, mayu!" akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Nimekuletea afya."

"Mwangaluka. Mbona haina magurudumu?"

"Yakupeleke wapi? Hii unafika Maswa bila kutoka sebuleni!"

Nyanjige akaikagua kama maksai wa mnadani: akatikisa usukani, akabonyeza kiti, akachungulia tumboni.

"Nasikia zipo za kuegemea."

"Hizo za wenye mgongo mbovu. Za kuinama ni za vijana wenye haraka. Wewe mtu wa heshima, ukae wima kama mwenyekiti. Pandisha kiti mpaka goti likunjike kidogo tu pedali ikiwa chini."

Hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli.

Akakanyaga. Miguu ikazunguka bure.

"Nyepesi hivi?"

"Teknolojia hiyo, mayu! Nzito ni za wacheza mpira."

"Haya. Chukua ng'ombe wangu yule mweupe. Tumemaliza?"

"Tumemaliza!" Luhende akajibu, majirani wakishuhudia.

Akamfunga kamba, akavuta. Ng'ombe akalala. Akamsukuma, akambembeleza, akamwimbia. Ng'ombe akacheua tu, macho kafumba kama mzee wa kanisa mahubiri yanapokolea. Nyanjige akapiga mluzi mmoja. Ng'ombe akainuka, akarudi zizini mwenyewe.

"Umeniletea baiskeli ya kusimama," akasema Nyanjige, "nimekupa ng'ombe wa kulala. Ni wako, nitakutunzia. Na mila unaijua: anayekutunzia ng'ombe, maziwa ni yake."

Jumamosi Luhende akampa Bundala baiskeli yake mwenyewe, ile inayokwenda. Bundala akanuna, akaizungusha uani, akakubali. Nyanjige naye akaitia yake mkanda mpya. Presha imeshuka, magauni yanampwaya.

"Na huyo Luhende ni nani?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Nikageuka. Mama Nyanjige, gauni likimpwaya.

"Jirani tu, mayu. Humjui."

"Simjui? Mzee Salvatory, si mwanao Fabian ameoa kule Sapiwi juzi? Na baiskeli yako iko wapi, mbona siku hizi unatembea kwa miguu?"

Kijiwe kikalipuka. Nikatoa pochi. Wote wakanywa kahawa, isipokuwa yeye. Aliagiza chai ya maziwa, na maziwa ya kijiwe hiki huyaleta yeye.

"Onja na wewe, mzee," akanisogezea kikombe. "Ng'ombe wako hajambo."