Uzi wa Nne

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Uzi wa nne wa gitaa langu umekatika katikati ya mazoezi. Jumamosi tuna harusi Ahero! Hapa Kisumu madukani wanasema nyuzi zitakuja wiki ijayo. Ogola, mpiga besi wetu, anao wa akiba, lakini nikimwomba atanikumbusha mpaka nizikwe. Mzee Zadock, kiongozi wa bendi, amesema nikikosa uzi Ogola atashika gitaa langu, nami nitatikisa kayamba. Kayamba! Mimi!

Jumanne, 4 Agosti
Nimepata waya wa shaba kwenye mota iliyoungua. Mnene mno. Lakini fundi Badru wa Kibuye ana bamba la chuma lenye matundu, kila moja dogo kuliko la kabla yake. Unachonga ncha, unapaka grisi, unapenyeza, unavuta kwa koleo. Waya unatoka mwembamba na mrefu zaidi. Tundu la tatu ukakatika, nami nikaanguka chali juu ya sufuria za jirani yake. Nimeombwa nisimame upande mwingine kesho.

Alhamisi, 6 Agosti
Badru anasema shaba ikivutwa inakuwa ngumu. Lazima uipashe moto ilainike, ndipo uvute tena. Angesema juzi! Nimepasha, nimevuta, nimepasha, nimevuta. Malengelenge viganja vyote. Nimepita tundu la saba! Alinionya nisiupashe tena mwishoni, maana ugumu ule ndio utakaoshika sauti isishuke. Nimeupasha mara moja zaidi, kwa usalama.

Ijumaa, 7 Agosti
Seline, mwimbaji wetu, ana mafua. Sauti haipandi hata kidogo. Mzee Zadock hataki kusikia, eti tutapiga juu vile vile. Seline alilia. Nilimhurumia, kisha nikarudi kuuhurumia uzi wangu.

Jumamosi, 8 Agosti
Wimbo wa kwanza tu, uzi ukaanza kurefuka! Sauti yake inashuka kila ubeti. Kuukaza nikaogopa, ungekatika mbele ya watu. Basi kila wimbo ulipoisha nililegeza nyuzi tano zilizobaki ziufuate. Ogola alinung'unika, naye akalegeza besi. Kufikia wimbo wa nne tulikuwa chini kabisa. Niliiona kayamba waziwazi.

Kumbe Seline anaimba! Sauti yake ya mafua, nzito, imetulia kabisa. Akina mama wakaacha sahani wakaja kucheza. Mzee Zadock akanijia.

"Absalom, nani alikuambia ushushe muziki?"

Nikajibu kwamba nilimwonea huruma Seline.

"Basi hiyo gita ni yako."

Nilikwenda nyuma ya hema, nikakaa chini, nikapumua. Seline amenishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo.

Jumapili, 9 Agosti
Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nawaza. Siri nimeijua: uzi ukiwa laini, muziki unanoga. Na fundi wa redio anauza lehemu, laini kuliko shaba, tena imeshakuwa waya tayari, hakuna kuvuta! Jumamosi ijayo tunapiga Nyamasaria, harusi kubwa zaidi. Nitafunga lehemu nyuzi zote sita.